Nani Ajenge Tuta? Somo Kutoka Serikali za Vijiji vya Uholanzi, 1500 hadi 1800

Wasomaji wa ukurasa huu wa elimu ya uraia wamezoea kukutana na mambo ya hapa nyumbani: kalenda ya bajeti, mikutano ya wadi, namna ya kuwasilisha maoni kwa maandishi. Toleo hili linavuka mipaka. Tunakwenda Uholanzi ya miaka ya 1500 hadi 1800, na hatuendi Amsterdam kutazama meli na wafanyabiashara. Tunakwenda mashambani. Huko ndiko wakulima walikolazimika kujibu swali ambalo kila mkutano wa hadhara hulizunguka: nani alipe, alipe kiasi gani, na akishalipa ana usemi gani?

Kwao swali hilo halikuwa la nadharia. Likijibiwa vibaya, maji yaliingia nyumbani usiku.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya mkoa wa Holland, ambao jina lake ndilo lililotupatia neno "Uholanzi", ilikuwa zamani kinamasi cha udongo mwororo uliotokana na mimea iliyooza majini. Kuanzia karibu karne ya 10 wakulima walichimba mitaro na kuukausha ili walime nafaka. Udongo wa namna hiyo ukikauka husinyaa na kushuka. Kadiri walivyotoa maji, ndivyo shamba lilivyozidi kuzama, mpaka mashamba mengi yakawa chini ya kiwango cha mito iliyoyapita kando. Wengi waliacha nafaka wakafuga ng'ombe. Kilichobaki kati ya ng'ombe hao na bahari ni tuta: ukuta mrefu wa udongo, jamii moja na yale tuta yaliyojengwa kando ya mto Nzoia kule Budalang'i.

Tuta lina tabia moja inayolitofautisha na barabara au soko. Barabara ikiharibika kwako, mimi wa kijiji cha pili bado napita kwangu. Tuta likibomoka kwako, sote tumezama.

Kijiji na bwana wake

Katika mkoa wa Holland kijiji kilikuwa kitengo cha utawala kilichoitwa ambacht. Aliyekiongoza aliitwa schout, ofisa aliyebeba peke yake kazi ambazo sisi tumezigawa kwa chifu, polisi na mwendesha mashtaka. Alitangaza amri, alikamata wahalifu, aliwafungulia kesi. Kando yake waliketi wazee wa baraza walioitwa schepenen, wakulima wenye mali na sifa njema, ambao waliamua kesi na kuthibitisha mauzo ya ardhi. Kulikuwa pia na wasimamizi wa kanisa na wasimamizi wa fungu la maskini.

Schout hakuchaguliwa na wanakijiji. Kwa kawaida aliteuliwa na bwana mwenye haki ya kutawala kijiji, na haki hiyo ilikuwa mali kama mali nyingine: ilirithiwa, iliwekwa rehani, iliuzwa. Mwaka 1529 mji wa Amsterdam ulinunua haki za vijiji jirani, Amstelveen kikiwa kimojawapo, ili kudhibiti kilichoendelea nje ya kuta zake. Karne mbili baadaye, katika miaka ya 1720, serikali ya mkoa wa Holland ilipohitaji fedha iliuza haki za namna hiyo kwa wingi. Tajiri wa mjini aliweza kununua kijiji na kuanza kuteua viongozi wake. Msomaji asidhani basi kwamba tunasimulia pepo ya demokrasia.

Hata hivyo bwana hakuweza kuamuru maji yasiingie. Hapo ndipo ilipohitajika taasisi ya pili, na ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya makala haya.

Bodi za maji

Mwaka 1255 Willem II, mtawala wa Holland, alitoa hati inayotaja wajumbe waliosimamia masuala ya maji katika eneo la Rijnland, pale Spaarndam, ambako maji ya ndani yalitolewa kupitia malango ya tuta. Bodi ya Rijnland ilikua kutokana na kazi hiyo, ikawa na makao yake mjini Leiden, na ipo mpaka leo. Delfland na Schieland, zilizo kusini mwake, nazo zilianza katika karne hiyo hiyo.

Muundo wake ulikuwa hivi. Juu alikuwepo msimamizi mkuu wa matuta, kwa Kiholanzi dijkgraaf, aliyeteuliwa na mtawala. Pamoja naye walikuwepo wajumbe walioitwa heemraden, waliotoka miongoni mwa wenye ardhi katika eneo hilo. Msimamizi alishtaki, wajumbe wakahukumu. Bodi ilitunga kanuni, ilitoza ushuru, ilikagua kazi, na ilikuwa na mahakama yake yenyewe. Mipaka yake haikufuata mipaka ya vijiji wala ya mabwana. Ilifuata njia ya maji. Mkulima mmoja angeweza kuwa chini ya bwana fulani kwa kesi ya wizi na chini ya bodi fulani kwa mtaro ulioziba.

Ushuru ulihesabiwa kwa kipimo cha ardhi kiitwacho morgen, ambacho kwa kipimo cha Rijnland ni ekari mbili na kidogo. Mwenye morgen kumi alilipa mara kumi ya mwenye morgen moja. Hakukuwa na msamaha mwepesi kwa sababu ya jina la mtu: nyumba za watawa na wakubwa wenye mashamba ndani ya eneo walitakiwa kuchangia pia, ingawa walipenda kubishana.

Chini ya bodi kubwa zilikuwepo bodi ndogo ndogo, nyingine za kijiji kimoja au nusu ya kijiji. Hizi zilizidi kuongezeka baada ya vinu vya upepo vya kuvuta maji kuanza kutumika mapema karne ya 15. Kinu ni ghali, mkulima mmoja hakiwezi. Kwa hiyo majirani walizungushia eneo lao tuta dogo, wakapata eneo linaloitwa polda, wakachanga, wakajenga kinu, wakamwajiri mtu wa kukiendesha. Kinu kikishasimama lazima kitunzwe, na mchango ukishaanza lazima uwe na mtunza hesabu. Harambee ya mara moja ikageuka kuwa serikali ndogo ya kudumu.

Siku ya ukaguzi

Sheria ya bodi ilionekana kwa macho siku ya ukaguzi, uliofanywa nyakati zilizopangwa za mwaka. Tarehe ilitangazwa mapema ili kila mtu apate muda wa kurekebisha sehemu yake. Kisha msimamizi na wajumbe walipita juu ya tuta, hatua kwa hatua, wakitazama mashimo ya fuko, nyasi zilizoliwa na mifugo kupita kiasi, na udongo ulioteremka. Kila sehemu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana.

Aliyekutwa na kasoro alitozwa faini na kupewa muda. Asiporekebisha, bodi iliagiza kazi ifanywe na watu wengine, halafu ikamdai gharama, mara nyingi kwa mara mbili. Katika sehemu kadhaa viongozi waliweza kufika kwenye nyumba ya wageni na kukaa hapo wakila na kunywa kwa gharama ya mdaiwa mpaka alipe. Adhabu hiyo ilikuwa na ukali wake, kwa sababu wageni hao hawakuwa na haraka. Tuseme ukweli pia kwamba chakula cha viongozi kilikuwa mzigo hata bila mdaiwa. Vitabu vya hesabu vya bodi za maji vimejaa gharama za karamu na mvinyo.

Adhabu kubwa kuliko zote ilihusu jembe, au kwa usahihi zaidi sepetu. Mwenye shamba aliyeshindwa kabisa kutunza sehemu yake alichomeka sepetu kwenye tuta na kuondoka. Tendo hilo lilimaanisha ameacha ardhi yake. Yeyote aliyeing'oa sepetu ile alichukua shamba, na pamoja na shamba akachukua deni na wajibu wa tuta. Waholanzi wana methali ya zamani isemayo kuwa asiyetaka kujenga tuta na ahame. Haikuwa kejeli.

Kipande changu, kipande chako

Sasa tufike penye mgogoro wenyewe. Kwa karne nyingi tuta halikutunzwa kwa fedha za pamoja. Liligawanywa vipande, na kila shamba au kijiji kikapewa kipande chake cha kutunza kwa mikono, mikokoteni na udongo wake. Mfumo huo uliitwa hoefslag. Uligawa kazi kwa uwiano wa ardhi, na mwanzoni ulionekana wa haki kabisa.

Chukua wakulima wawili wenye ekari sawa. Mmoja amepewa kipande kilichojificha nyuma ya ufuko mpana wa matope, ambako mawimbi hufika yamechoka. Kazi yake kwa mwaka ni kukata nyasi na kuziba mashimo. Mwingine kipande chake kiko kwenye kona ambako mkondo unapiga moja kwa moja. Kila baada ya dhoruba anamwaga udongo, anakandamiza, anauza ng'ombe ili anunue magogo. Urefu wa vipande ni ule ule, mzigo si ule ule. Zaidi ya hayo mkondo huhama. Kipande kilichokuwa rahisi wakati wa babu kinaweza kumfilisi mjukuu.

Kulikuwa na tatizo la umbali pia. Vijiji vya ndani vya Rijnland vilikuwa na vipande vyao kwenye tuta la mbali, kwa kuwa nalo liliwakinga. Wanakijiji walisafiri kwenda kutengeneza mahali wasipopaona siku zote. Ni rahisi kukisia kazi ya namna hiyo ilifanywaje mwezi wa mavuno.

Dawa ilijulikana mapema: tuta lote lichukuliwe na bodi, kila mtu alipe fedha kwa morgen, na kazi ipewe mwanakandarasi kwa zabuni ya wazi. Lakini ni nani aliyeketi kwenye kikao cha kuamua? Ni wenye ardhi wale wale, na wengi wao walikuwa na vipande vyepesi. Kwa nini wapige kura ya kubeba mzigo wa jirani? Kila mmoja aliona mbele hadi mwisho wa kipande chake. Ndiyo maana mabadiliko ambayo leo tungeyaona ya kawaida yalichukua karne kadhaa, eneo moja baada ya jingine, na mara nyingi yalisubiri gharika.

Mtu aliyeuona udhaifu huo kwa karibu ni Andries Vierlingh, aliyesimamia mashamba na matuta upande wa magharibi wa Brabant. Alishuhudia gharika kuu ya tarehe 1 Novemba 1570, na uzeeni, katika miaka ya 1570, aliandika kitabu kirefu kuhusu ujenzi wa matuta. Humo aliwashambulia wasimamizi waliopata cheo kwa ukoo na kujuana bila kujua udongo. Alishauri pia kwamba maji yaongozwe polepole, kwa sababu ukiyashindania kwa nguvu yatakurudia kwa nguvu. Kitabu hicho hakikuchapishwa mpaka mwaka 1920.

Mfumo wa fedha ulipokuja ulikuwa na gharama yake. Mkulima aliyelipa hakulazimika tena kupanda tuta na sepetu, na aliyeacha kulipanda aliacha pia kulijua. Uamuzi ulihamia kwa waliokuwa na ardhi nyingi, na hao walizidi kuwa watu wa mijini waliokodisha mashamba. Bodi kubwa zikaanza kuwa na wawakilishi wa wenye ardhi wakuu, walioidhinisha matumizi na kukagua hesabu. Tuta lilipata nguvu na mkulima mdogo akapungukiwa na sauti. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapa ndipo somo lilipo gumu zaidi, kwa sababu hakuna upande uliokuwa na makosa yote.

Krismasi ya 1717

Kaskazini, mkoani Groningen, mfumo wa vipande ulidumu. Mwaka 1716 mkoa ulimwajiri Thomas van Seeratt, aliyewahi kuwa nahodha wa meli, kusimamia kazi zake za umma. Alikagua matuta ya bahari akayakuta mafupi na dhaifu. Alitoa onyo na kutaka yarekebishwe. Bodi na wenye ardhi walivutana kuhusu wajibu na gharama, na kazi haikufanyika ipasavyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Desemba 1717 dhoruba ya kaskazini-magharibi iliyasukuma maji ya bahari juu ya pwani ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark. Watu walikuwa wamelala. Katika pwani hiyo yote walikufa wapatao 14,000, na Groningen peke yake ilipoteza zaidi ya 2,000, pamoja na maelfu ya ng'ombe, farasi na kondoo.

Van Seeratt alipewa jukumu la kujenga upya, na safari hii mkoa ulisimama nyuma yake. Matuta yaliinuliwa. Lakini wakulima waliofiwa na kupoteza mifugo ndio waliotakiwa kutoa wafanyakazi, mikokoteni na fedha, na mwaka 1718 hasira yao ililipuka kuwa ghasia. Ofisa anayesoma habari hii huvutwa upande wa Van Seeratt, maana alikuwa amesema ukweli mapema. Mwenye ghala tupu lililojaa chumvi huvutwa upande mwingine.

Kura ya nyumba

Mkoa jirani wa Friesland ulikuwa na jambo ambalo halikuonekana kwingi Ulaya wakati ule: mashambani watu walipiga kura. Nje ya miji yake 11, mkoa uligawanywa katika wilaya 30 zilizoitwa grietenij, kila moja chini ya mkuu aliyeitwa grietman. Nafasi ilipokuwa wazi, wapiga kura walipendekeza majina matatu na mmoja akateuliwa kati yao. Walichagua pia wajumbe wa kwenda kwenye bunge la mkoa.

Kura hiyo haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya shamba. Mashamba fulani ya zamani yalikuwa na haki ya kura, na aliyemiliki shamba ndiye aliyeitumia. Kuanzia mwaka 1640 mashamba hayo yaliorodheshwa kwenye madaftari rasmi. Unaweza kukisia kilichofuata. Koo tajiri zilinunua mashamba si kwa ajili ya malisho bali kwa ajili ya kura, shamba baada ya shamba, hadi katika wilaya nyingi familia moja au mbili ziliamua kila kitu. Sheria ilibaki vile vile huku maana yake ikibadilika.

Drenthe, mkoa wa mchanga na majani ya porini ulio kusini mwa Groningen, ulikuwa maskini na haukuwa na bahari. Hapo tatizo lilikuwa malisho ya pamoja. Wakulima wenye hisa katika ardhi ya kijiji waliitwa mkutanoni kwa kupigwa baragumu ya pembe. Waliamua ni kondoo wangapi walishwe, lini mavuno yaanze, nani achimbe udongo wapi. Asiye na hisa alikuwa mkazi lakini hakuwa na sauti. Kikao cha Drenthe kiligusana na bahari mara moja kwa njia ya ajabu. Miaka ya 1730 funza wa baharini walitafuna magogo yaliyokinga matuta ya pwani, na mawe yakaanza kutafutwa kila mahali. Watu walipoanza kuchukua mawe makubwa ya makaburi ya kale ya Drenthe, mkoa ulipiga marufuku jambo hilo mwaka 1734, mojawapo ya sheria za mwanzo Ulaya za kulinda mali za kale.

Kilichobaki

Mapinduzi ya 1795 na katiba ya 1798 yalitikisa haki za mabwana juu ya vijiji. Mwaka 1851 sheria ya manispaa iliyoandaliwa na Johan Rudolf Thorbecke iliweka mfumo mmoja kwa miji na vijiji, wenye mabaraza ya kuchaguliwa. Schout na schepenen wakabaki kwenye majalada.

Bodi za maji hazikufutwa. Katikati ya karne ya 20 zilikuwa bado zaidi ya 2,500, nyingine ndogo mno. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 matuta ya kusini-magharibi yalivunjika na watu 1,836 wakafa nchini humo. Baada ya hapo bodi ziliunganishwa moja baada ya nyingine, na leo ziko 21. Huchaguliwa siku moja na mabaraza ya mikoa, kila baada ya miaka minne. Viti vichache bado vimetengewa wakulima na wasimamizi wa maeneo ya asili, jambo linalobishaniwa hadi sasa. Vingine vyote hugombewa na kila mkazi mtu mzima. Mpangaji wa chumba cha ghorofani mjini Leiden, asiye na hata hatua moja ya ardhi, hupata barua mbili: ya kwanza ni ya ushuru wa maji, ya pili ni ya kumwita kupiga kura.